Mali Bila Daftari: Maneno Juu ya Vyeti vya Ufundi

(Maneno haya yalisemwa kwa niaba ya kamati ya mafunzo katika mkutano wa wanachama. Twayachapisha kwa ombi la ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Sisi wa kamati ya mafunzo tuliombwa tuseme nanyi juu ya vyeti vya ufundi. Twajua wengine wenu mlipoona jambo hili katika orodha ya mkutano mlisema kimoyomoyo, "Afadhali wangetuambia habari za mshahara." Tulizeni mioyo. Habari ya vyeti ni habari ya mshahara. Tena ni habari ya kazi kufanywa vizuri, na ya mtu kurudi kwake jioni akiwa na vidole vyake kumi.

Tuanze na mwenzetu mmoja, ambaye jina lake tutalificha kwa heshima yake. Alichomelea chuma miaka 17 katika karakana moja. Mageti, matangi, fremu za malori, yote yalipita mikononi mwake, na vijana wengi walijifunza kwake. Siku moja karakana ile ikafungwa. Mwenzetu akachukua barua yake, akaenda mlango mwingine kutafuta kazi. Karani akamwuliza, "Mzee, gredi yako ni ipi?" Hakuwa nayo. Akaandikwa kibarua wa kutwa. Fundi aliyewekwa juu yake alikuwa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfunza kushika koleo la kuchomelea. Kijana hakuwa na kosa lolote. Alikuwa amefanya mtihani, na mwalimu wake hakufanya.

Ndugu zetu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi wa mikono ni mali. Mwenzetu aliikusanya mali hiyo miaka 17, ikapotea kwa swali moja la karani.

Yafaa tutenganishe karatasi za namna tatu, maana watu wengi huzichanganya.

Karatasi ya kwanza ni kipande. Wazee wetu walikijua. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kushurutishwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ndani mliandikwa alama za vidole vyake, kazi aliyofanya, mshahara aliolipwa, na sahihi ya tajiri aliyemwajiri na kumwachisha. Kipande kilisema mtu huyu ni wa nani. Hakikumsaidia mwenye kukivaa, kwa kuwa tajiri mpya alikisoma apate kujua mshahara wa zamani, asimpe zaidi.

Karatasi ya pili ni hati ya utumishi. Hii ni haki yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, yamlazimu mwajiri kumpa mfanyikazi hati hiyo kazi inapokwisha, ila kama kazi ilikuwa ya chini ya majuma manne mfululizo. Hati hutaja jina la mwajiri na la mfanyikazi, siku ya kuanza, aina ya kazi na mahali pake, na siku ya kuacha. Lakini angalieni: sheria hiyo hiyo haimlazimu mwajiri kusema lolote juu ya tabia yako wala uhodari wako. Hati ya utumishi yasema ulikuwapo. Haisemi unajua nini.

Karatasi ya tatu ni cheti cha ufundi. Hiki hakiandikwi na mwajiri. Hutolewa na mtahini asiyekujua, aliyekuona ukifanya kazi kwa mikono yako na akakupima kwa kipimo kile kile anachowapimia wengine. Mwajiri akifunga mlango, cheti kinabaki mfukoni mwako. Ukihama kutoka Mombasa hadi Kisumu, kinahama nawe.

Sasa tuje kwenye mshahara. Amri za Serikali za mishahara ya chini hutaja fundi asiye na daraja, kisha fundi wa Daraja la III, la II, na la I, na kila mmoja ana kima chake. La III ndilo la chini, na la I ndilo la juu. Watu wawili wakisimama kwenye benchi moja wakifanya kazi ile ile, mmoja ana daraja na mwingine hana, mwajiri aweza kuwalipa tofauti, na akishitakiwa atafungua amri ile na kuionyesha. Hapo hata chama chenye nguvu hakina la kushika.

Wengine watauliza: Je, cheti chaifanya kazi iwe njema? Tusidanganyane. Karatasi haishiki nyundo. Tumewaona wenye vyeti wasioweza kupiga mstari ulionyoka, na tumewaona wasio na cheti ambao wahandisi huwaita jambo likiwashinda. Kinachoitengeneza kazi ni yale maandalizi ya mtihani. Mtu akijiandaa hulazimika kujua sababu ya mambo ambayo miaka yote aliyafanya kwa mazoea.

Tutawapa mfano tulioushuhudia. Katika karakana moja kazi za kuchomelea zilikuwa zikirudishwa kila msimu wa mvua. Chuma kilikuwa na matundu, na mara nyingine kilipasuka baada ya kazi kwisha. Msimamizi aliwalaumu mafundi, mafundi wakalaumu mashine. Ndugu mmoja alikuwa akihudhuria masomo ya jioni ili afanye mtihani wa Daraja la II. Huko akafundishwa kwamba ganda la vijiti vya kuchomelea hunyonya unyevu. Unyevu huo ukipata moto hutoa gesi ya haidrojeni, nayo huingia katika chuma kilichoyeyuka. Chuma kigumu chaweza kupasuka hata saa nyingi baada ya kupoa. Asubuhi yake akaenda moja kwa moja stoo, akakuta paa linavuja na paketi za vijiti zimefunguliwa. Vijiti vikahamishwa mahali pakavu, vile vya kuokwa vikaokwa kabla ya kutumiwa, na kazi zikaacha kurudishwa. Hakuna aliyeongezewa bidii pale, wala kutishwa. Mtu mmoja alijua sababu, basi.

Fundi ajuaye sababu huweza pia kukataa kazi ya hatari na kueleza kwa nini aikataa. Asiyejua hunung'unika tu, na manung'uniko ni rahisi kupuuzwa.

Tena cheti si kitu cha kutundika ukutani na kusahau. Kwa welda wanaochomelea boila na mabomba ya mvuke yenye nguvu, viwango vinavyofuatwa na mataifa mengi vina masharti makali. Kipande alichochomelea hukatwa na kukunjwa, na kikipasuka, ameanguka. Na hata akishinda, kama hakufanya kazi ya namna hiyo kwa muda wa miezi 6, cheti chake hupoteza nguvu. Maana yake ni kwamba ujuzi usiotumiwa hushika kutu.

Njia ipo. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo asili yake ni ya mwaka 1959, ilirekebishwa mwaka 2011 na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ikaundwa. Ndiyo isimamiayo mitihani ya ufundi, na ina vituo Nairobi, Mombasa, Kisumu na Athi River. Mtu aliyejifunza kazini bila kuketi darasani aweza kuomba mtihani. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 2014 iliunda mamlaka ya kusimamia ngazi za vyeti vya nchi, na miongoni mwa kazi zake ni kuweka njia ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya shule. Mlango huo ulifunguliwa kwa ajili ya watu kama yule mwenzetu wa miaka 17.

Na fedha je? Waajiri wanaohusika hutoa ada ya mafunzo ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyikazi. Fedha hizo ni za mwajiri, hazikatwi katika mshahara wako. Naye akiwapeleka wafanyikazi wake kwenye mafunzo yaliyokubaliwa na NITA, aweza kuomba arudishiwe gharama kwa utaratibu uliowekwa. Basi mwajiri akituambia hana fedha za mafunzo, tumwulize kwa upole: ile ada unayotoa kila mwezi, ni nani aliyefundishwa kwayo hapa?

Sasa twaomba radhi, maana kosa si la wanachama peke yao. Tulipoketi na waajiri kupanga madaraja ya mishahara, tulidai mafundi wetu wote wapandishwe. Wakatujibu, "Leteni vyeti." Tulipovikusanya havikujaa kiganja. Tukarudi mikono mitupu, tukawalaumu waajiri, na kumbe sisi tulikuwa tumekaa miaka tukidai nyongeza ya mshahara pasipo kudai mafunzo hata siku moja. Hilo halitarudiwa.

Twajua pia hofu zenu. Mzee asema, "Nitaketije darasani na watoto wa rika la mwanangu?" Baba, mtihani wa vitendo hautazami mvi, watazama kazi, na hapo wewe ndiwe mwenye mbio. Mwingine asema, "Nikianguka, tajiri atapata sababu ya kunifukuza." Hofu hii ni ya haki, nasi hatuichezei. Kwa hiyo kamati imependekeza mambo manne yaingizwe katika mapatano yetu yajayo na waajiri:

Kwanza, mfanyikazi apewe ruhusa yenye malipo siku za mtihani.

Pili, ada ya mtihani wa kwanza ilipwe na mwajiri.

Tatu, matokeo yawe ya mfanyikazi mwenyewe, na aliyeanguka asipunguziwe cheo wala kufukuzwa kwa sababu hiyo. Cheti kisiwe panga la kuwakata wazee.

Nne, aliyeshinda alipwe kwa daraja lake tangu mwezi ufuatao, si wakati tajiri atakapojisikia.

Jambo la mwisho ni zito. Tumesikia kwamba wako watu mitaani wauzao vyeti. Ndugu, anayenunua cheti awaibia wenzake. Siku boila itakapopasuka au ngazi ya mjengo itakapoanguka, haitauliza nani alisoma na nani alinunua. Na mwajiri akigundua kimoja cha uongo, atavitilia shaka vyote vya kweli. Chama hakitamtetea mtu wa namna hiyo, twasema waziwazi tangu leo.

Kuanzia juma lijalo makatibu wa matawi watakuwa na daftari. Kila fundi asiye na daraja aandike jina lake, kazi yake, na miaka aliyoifanya. Wale wenye Daraja la I twawaomba watoe jioni moja kwa juma kuwasaidia wenzao kusoma michoro na vipimo. Yule mwenzetu tuliyeanza naye ameandikwa wa kwanza. Atafanya mtihani wa Daraja la II, na yule kijana aliyekuwa mwanafunzi wake ndiye anayemsomea maswali ya nadharia kila jioni, kwa kuwa macho ya mzee yamechoka kidogo.

Huo ndio umoja, ndugu zetu. Nendeni mkaandike majina.