Hotuba ya Mwenyekiti: Wimbo wa Cherehani



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha siku hii. Miaka kumi si mchezo. Tulianza na sanduku moja lenye kufuli tatu, na sanduku ni lile lile. Hesabu za hisa na mikopo mtazisoma katika taarifa ya Bi Katibu. Sisi tunataka kusema juu ya vijana watakaotuimbia hivi punde.

Mwaka jana vijana wa mradi wa sanaa hapa shehiani walitujia kuomba msaada. Walikuwa wakitunga mashairi yao wenyewe, na fundi mmoja mzee wa taarab alikubali kuwatilia muziki. Walipungukiwa nyuzi za udi na ngozi ya dumbaki. Tulibishana sana. Wengine tulisema, jamani, fedha za wauza maandazi ziende kwenye ngoma? Mwisho tukawapa shilingi 85,000 kutoka mfuko wa jamii.

Tulipokwenda kuwatazama, kumbe ni kazi! Kijana analeta maneno matamu, lakini yanazidi, dumbaki inamaliza yeye bado anaimba. Mzee anamwambia ahesabu kwa vidole: mizani minane, pumzi, mizani minane tena, vina vilingane kati na mwisho. Neno lisiloingia litoke. Wapo waliofuta ubeti mmoja mara tano.

Basi siku moja binti mmoja akasimama, akaimba:

Walikuja jumatatu, mama yupo kitandani,
Wakahesabu vya watu, vilivyomo mle ndani,
Wakasema deni letu, litalipwa kwa samani,
Ndiyo riziki ya kwetu, rejesheni cherehani.

Tulinyamaza kimya. Cherehani ile tuliichukua sisi. Mama yake alikuwa mwenzetu, akachelewesha marejesho miezi mitatu kwa maradhi, nasi tukafuata kanuni. Kwenye daftari tuliandika “deni limekwisha.” Hatukuandika kwamba nyumbani mle mlikuwa na mtoto anatutazama.

Wengine tulikasirika. Tumewapa fedha, kisha watutukane? Tukataka ubeti ule utolewe. Yule mzee hakugombana nasi. Alituuliza tu kama tunamjua Siti binti Saad, mwuza vyungu wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Akasema, bibi yule aliimba mambo ya mji huu, hata maovu waliyofanyiwa wanawake na hukumu zisizo haki. Angetoa kila ubeti unaomchoma mtu, leo tungekuwa na nini cha kujivunia?

Hatukuwa na jibu. Tulikaa vikao viwili, na cha pili kilikwisha usiku. Tukabadili kanuni: chombo cha kazi cha mwanachama hakichukuliwi, na mgonjwa anapewa muda mpaka apate nguvu. Cherehani ilikuwa imekwishauzwa, kwa hiyo tukanunua nyingine, kuukuu lakini nzima, tukampelekea. Aliipokea, akatutilia chai. Kikundini hajarudi, na hatumlaumu.

Ndugu Mgeni Rasmi, wengi wetu tuliishia darasa la saba. Tulidhani kuandika ni kujaza fomu na kutia saini. Vijana hawa wametuonyesha kwamba mtoto asiyeweza kumwambia mkubwa “umekosea,” akipewa kalamu na mtu wa kumpigia udi, ataweza kusema, na adabu yake ikabaki pale pale. Kwa hiyo tunapendekeza mfuko wa jamii uwatengee fungu kila mwaka, na wasiulizwe watatunga nini.

Leo wimbo utaimbwa wote, na ubeti ule umo. Tunaomba asitoke mtu. Kibwagizo mnakijua sasa, basi tuwaitikie.