Tujibu kwanza swali la yule mtoto



Kesho tunarudi shuleni kuongea na wadogo zetu wa miaka 12 mpaka 14 juu ya afya. Mara ya kwanza tuliongea vizuri sana: pombe, tumbaku, usingizi, maji safi. Kisha kijana mmoja akanyanyua mkono: "Yaya, na ninyi munakunywaka?" Tulicheka. Halafu tukanyamaza. Jibu sote tunalijua.

Tusijidanganye. Mtoto anajifunza kunywa kwa kutazama wakubwa. Sisi wenye diploma bila kazi tunashinda kwenye kona ya avenue, kichupa cha pombe kali mkononi, na yeye anapita pale kila siku akitoka shuleni. Kama sisi ndio mfano wake, mafundisho yetu yatamsaidia nini?

Kwa hiyo kesho tuwaambie ukweli, bila kuwatisha. Ubongo wa mtu unaendelea kujengwa mpaka karibu miaka 25. Mwenye kuanza pombe ao tumbaku akiwa mdogo, kuacha kunamshinda zaidi. Mtoto wa umri ule anahitaji kulala karibu masaa 9. Simu ya usiku inamwibia masomo ya asubuhi. Na mwili unataka mchezo, dakika 60 kila siku.

Lakini tusiseme "mucheze mpira" na kunyamaza juu ya viwanja vinavyouzwa. Tusiseme "mukunywe maji safi" wakati robine zimekauka na mama anachota maji ya ziwa Kivu, na kolera ikiwa mulemule. Mtoto anachagua kati ya vitu vyenye viko mbele yake. Katiba yetu, kifungu cha 42, inawalazimisha viongozi kulinda vijana juu ya kila kitu chenye kinaharibu afya yao na masomo yao. Basi tuwadai.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, kuanzia leo, mtu wetu asikunywe pombe akivaa tisheti ya harakati, wala mbele ya watoto. Pili, tumwandikie meya, sote tutie sahihi: vichupa vile visiuzwe tena karibu na shule.

Na yule kijana, kesho tumpelekee jibu lake: "Ndiyo, mudogo wetu, tunakunywaka. Tumeanza kuacha. Na wewe utusaidie, usianze."