ASILI YA KIPAIMARA NA WAJIBU WA WAZEE WA KANISA

Mada iliyotolewa katika juma la maadhimisho ya Jubilei ya miaka 100 ya Usharika



Jumapili ya Kipaimara hujaza nyumba ya ibada kuliko Jumapili nyingi za mwaka. Vijana huvaa mavazi mapya, wazazi hualika ndugu kutoka mbali, na nyumbani shangwe huendelea hadi jioni. Waumini wengi hudhani kwamba desturi hiyo iliwekwa na Martin Luther mwenyewe. Historia inasema vingine. Mwaka 1520 Luther alikana kwamba Kipaimara ni sakramenti, kwa kuwa hakuona agizo la Kristo lililokiweka. Mkazo wake ulikuwa katika mafundisho, na mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo na Katekisimo Kubwa.

Basi, Kipaimara cha Kilutheri kilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa kilitokana na malalamiko ya watu waliokwisha kulihama kanisa.

Watu hao waliitwa Waanabaptisti, yaani wale waliobatiza upya watu waliobatizwa utotoni. Sheria ya Dola ya Ujerumani ya mwaka 1529 iliamuru wauawe. Lakini Philipp, mtawala wa Hesse, alikataa kuwaua kwa sababu ya imani yao. Mwaka 1538 alimwita Martin Bucer, mwanamatengenezo wa Strasbourg, aje kujadiliana nao. Majadiliano yalifanyika mjini Marburg, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba mwaka huo.

Wafungwa wale walikuwa na hoja nzito. Walisema kanisa linabatiza watoto wasiojua lolote, kisha linawaacha wakue bila mafundisho na bila maonyo, na hatimaye wote huikaribia Meza ya Bwana. Bucer alitetea ubatizo wa watoto, lakini hakuyapuuza malalamiko yao. Matokeo yake yalikuwa Agizo la Ziegenhain, lililochapishwa mwaka 1539. Peter Tasch, mmoja wa viongozi wa Waanabaptisti, alirudi kanisani pamoja na wenzake wengi.

Agizo hilo liliweka mambo mawili yaliyofungamana. La kwanza ni wazee wa kanisa, waliochaguliwa kulichunga kundi pamoja na wachungaji. La pili ni Kipaimara. Wazee walipewa kazi ya kuhakikisha kwamba watoto wenye umri wa kutosha wanapelekwa kwenye mafundisho ya Katekisimo. Kisha, katika sikukuu kubwa kama Krismasi, Pasaka na Pentekoste, wazazi na wadhamini wa ubatizo waliwaleta vijana mbele ya usharika wote. Wakaikiri imani yao, wakawekewa mikono, wakakaribishwa kwenye Chakula cha Bwana. Kwa hiyo mzee wa kanisa na mwanakipaimara ni mapacha: walizaliwa katika hati moja.

Desturi hiyo haikuenea upesi. Karne iliyofuata, Philipp Jakob Spener, aliyeanza uchungaji Frankfurt mwaka 1666, aliitia nguvu upya. Mwaka 1736 Mfalme Christian VI aliifanya kuwa sheria katika Denmark na Norway, na asiyepata Kipaimara hakuruhusiwa kuoa wala kuolewa. Sheria hiyo ilileta faida, kwani ilichochea ujenzi wa shule ili watoto wajue kusoma. Lakini ilileta pia hatari: Kipaimara kilianza kuonekana kama cheti cha kuhitimu.

Wamisionari wa Kilutheri walikuja Tanganyika na desturi hiyo. Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliona kwamba darasa peke yake halitoshi. Akiufuata utaratibu wa rika uliokuwapo kwa Wachaga, aliwaunganisha wanakipaimara katika vikundi vidogo, ili kila mmoja awe ngao ya mwenzake baada ya siku ya sherehe kupita.

Hapo ndipo historia inapougusa usharika unaotimiza miaka 100. Kitabu cha wanakipaimara kina majina mengi kuliko yanayoonekana katika Ushirika Mtakatifu. Kijana anayekabidhiwa cheti na kuagwa kwa pilau amefanyiwa mahafali. Agizo la Ziegenhain lilikusudia mlango wa kuingilia. Si busara kuugeuza kuwa wa kutokea.

Kwa hiyo, kila mzee wa kanisa na ashike majina ya vijana wa mtaa wake, naye aulize walipo mwaka mmoja baada ya kuwekewa mikono. Na waliohama wasikilizwe kabla ya kulaumiwa. Pengine katika malalamiko yao imo zawadi nyingine ambayo kanisa litaishukuru katika karne ya pili.

Mungu alibariki kanisa lake. Amina.