Tumbo Limejaa, Maziwa Hayapo: Joto Linavyopunguza Ubora wa Malisho

*Hotuba ya afisa wa mifugo kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika siku ya wakulima, Kaloleni, Kaunti ya Kilifi*

 

Mama mmoja aliniuliza, "Daktari, ng'ombe wangu anashiba kila siku, mbona maziwa yanapungua?" Nilikwenda kwake. Hori lilikuwa limejaa nepia, lakini nepia yenyewe ilikuwa imempita mtu kimo, shina gumu kama fito, majani machache juu. Ng'ombe yule alikuwa na njaa huku tumbo limejaa.

Kati ya mwaka 2020 na mapema 2023 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu. Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja El Nino na mafuriko. Tulipoishiwa na nyasi, sote tuliona. Lakini kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho: hata nyasi zilizopo, ubora wake unashuka.

Joto likizidi, nyasi hukomaa upesi. Shina huwa gumu, majani hupungua, na protini hushuka. Ndani ya tumbo la ng'ombe mna vijidudu vinavyosaga malisho, navyo vinahitaji protini ili vifanye kazi. Protini ya malisho ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hivyo hudhoofika. Chakula hukaa tumboni muda mrefu, ng'ombe hana hamu ya kula tena, na maziwa hukatika. Mabua makavu ya mahindi mara nyingi hayafiki hata kiwango hicho.

Mvua nyingi nayo ina yake. Nyasi zilizokatwa zikinyeshewa, virutubisho huoshwa na ukungu huingia. Malisho yenye ukungu yanaweza kuwa na aflatoksini, na sumu hiyo hupita kwenye maziwa hadi kwa watoto wetu. Usimpe ng'ombe, hata kama umeyanunua kwa bei ghali.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, kata nepia mapema, ikiwa kati ya magoti na kiuno, au ikizidi sana mita moja. Usifuate kalenda ya zamani; angalia mmea. Najua hapa ndipo penye ugumu. Ukikata mapema, mzigo unakuwa mdogo, na mtu huona kama anapoteza. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi niliwasifu wafugaji kwa ukubwa wa mzigo. Nilikosea. Mzigo mdogo wenye majani mengi hutoa maziwa kuliko mkokoteni wa mashina.

Pili, ongeza mikunde. Kituo cha utafiti cha KALRO kule Mtwapa kimefanya utafiti wa glirisidia kama chakula cha ng'ombe wa maziwa hapa Pwani. Ni mti unaostahimili kiangazi na majani yake yana protini nyingi. Upande kwenye mpaka wa shamba. Ng'ombe akiukataa mwanzoni kwa sababu ya harufu, acha majani yanyauke kwanza, kisha changanya kidogo kidogo na nepia. Majani ya kunde baada ya kuvuna pia yanafaa.

Tatu, hifadhi wakati wa neema. Nyasi za kukausha zikatwe zinapoanza kutoa maua, kabla ya mbegu kukomaa. Zikaushe vizuri, kisha weka marobota juu ya mbao, chini ya paa. Mvua ikikuzuia kuanika, tengeneza sileji.

Nne, jihadhari na mtama. Mtama mchanga, au unaochipua upya baada ya ukame, unaweza kuwa na sianidi, sumu inayoua ng'ombe kwa muda mfupi. Usiwaachie mifugo shamba la namna hiyo.

Ndugu zangu, maziwa ndiyo karo, ndiyo chumvi na sabuni. Mvua hatuna mamlaka nayo. Panga tunayo. Kesho asubuhi, kabla ya kumlaumu ng'ombe au kumwita daktari, shika nepia iliyo horini uivunje kwa mkono. Ikikatika kwa kishindo kama kuni, umechelewa kukata. Mwenye swali amwone afisa wa mifugo wa wadi yake.