Vidonge vikikushinda, uliza kabla ya kuacha

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa kwa kunong'ona. Mama aliyekuwa akimeza vidonge vya majira, akaona vimemshinda, afanye nini?

Swali hilo nimelifuata Bariadi mjini na katika vijiji vya Mkoa wa Simiyu, ambako watu wengi huishi kwa pamba na ng'ombe. Mama mmoja anayeuza dagaa sokoni alinieleza kwamba vidonge vyake alivificha ndani ya debe la unga. Alipokwenda kupalilia pamba katika shamba la mbali na kulala huko siku tatu, pakiti ilibaki nyumbani. Baada ya hali hiyo kujirudia, aliacha kabisa. Hakumwona muuguzi wala hakumwambia mtu. Akashika mimba huku mtoto wake mdogo hajatimiza mwaka.

"Nilidhani vidonge vikishindikana, basi tena, hakuna kingine," aliniambia.

Ndugu zangu, kingine kipo, tena si kimoja. Vidonge vyenyewe si vibaya. Vikimezwa kila siku bila kukosa, ni nadra sana mama kushika mimba. Lakini katika maisha ya kawaida, yenye kusahau, safari na misiba, wanawake wapatao 7 kati ya kila 100 wanaovitumia hushika mimba katika mwaka mmoja. Hao si wazembe. Ni watu wenye kazi nyingi, waliopewa njia inayodai kukumbukwa kila siku.

Muuguzi mmoja wa siku nyingi mkoani humo ana utaratibu ninaotamani uigwe kila mahali. Kabla hajafungua kabati la dawa, humwuliza mama maswali manne.

La kwanza: "Mama, unataka mtoto mwingine lini?" Anayetaka mtoto karibuni hashauriwi kukimbilia sindano, kwa sababu baada ya kuiacha, uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kwa miezi mingi, wakati mwingine karibu mwaka. Kijiti au kitanzi kikitolewa, uwezo huo hurudi mapema. Wasiotaka tena watoto wanaweza kufunga uzazi, na baba naye anaweza. Kwake ni upasuaji mdogo usioondoa nguvu za kiume, ila kwa miezi mitatu ya mwanzo watumie kinga nyingine.

La pili: "Utaweza kurudi hapa kila baada ya muda gani?" Sindano iliyozoeleka hudai urudi kila miezi mitatu. Mvua zikiharibu njia, au palizi ikipamba moto, tarehe hupita. Kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono hukaa miaka mitatu au mitano, kutegemea aina yake. Kitanzi cha shaba hukaa miaka 10 au zaidi.

La tatu: "Una maradhi gani, unatumia dawa gani, unanyonyesha?" Mwenye shinikizo la damu, au mvutaji sigara aliyetimiza miaka 35, hafai kutumia vidonge vya kawaida vya majira. Baadhi ya dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hupunguza nguvu za vidonge na vijiti. Anayenyonyesha mtoto mchanga zipo njia zake.

La nne huulizwa kwa sauti ya chini: "Nyumbani wanajua?" Sindano haiachi alama, lakini kijiti mtu akishika mkono hukihisi. Kondomu haifichiki, na hata hivyo ndiyo pekee kati ya njia hizi inayokinga pia UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa.

Mimi ningeongeza la tano: mama ameambiwa mwili wake utabadilikaje? Sindano na kijiti huweza kuvuruga hedhi, na kitanzi cha shaba huweza kuizidisha. Asiyeambiwa mapema hudhani amedhurika. Nimekutana pia na mama aliyetaka kijiti kitolewe, akaambiwa asubiri miaka yake iishe. Hilo si sawa hata kidogo. Kilichowekwa kwa hiari yake kitolewe kwa hiari yake, siku anayotaka.

Sasa, kwa nini wengi hawaulizi? Kwa sababu sauti zinapotea. Kuanzia 1993, mchezo wa redio "Twende na Wakati" wa Radio Tanzania ulilizungumza jambo hili waziwazi, na kisa cha Mkwaju, dereva wa lori, kikajadiliwa majumbani. Septemba 2018, katika Wilaya ya Meatu, humo humo Simiyu, Rais John Magufuli, ambaye sasa ni marehemu, alisema wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu wanaoogopa kazi ya kulisha watoto. Mwezi huo huo Wizara ya Afya iliagiza matangazo ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakirushwa redioni na kwenye televisheni yasimamishwe. Huduma hazikufungwa, lakini neno la mkubwa hutembea haraka kuliko gari la dawa.

Najua wapo wanaoitazama sensa. Simiyu ilikuwa na watu 1,584,157 mwaka 2012, na 2,140,497 mwaka 2022. Wapo wanaofurahia ongezeko hilo na wapo wanaoliogopa. Mama wa dagaa hakuwa akihesabu watu wa mkoa. Alikuwa akihesabu miezi ya mtoto aliye mgongoni. Na mtu anayelima ekari za pamba akiwa na mtoto mgongoni, uvivu wake uko wapi?

Kwa hiyo, mama, usiache vidonge kimya kimya. Nenda zahanati kwanza, na kama huwezi kwenda leo, tumieni kondomu hadi siku utakayokwenda. Baba, mkiweza fuataneni, maswali yale manne yanakuhusu nawe. Nanyi wauguzi wetu, ulizeni kabla ya kufungua kabati.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.