Nenda kituo cha upande wa pili

Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kufika kituo cha polisi na shida yake, akajibiwa kwamba tukio limetokea katika eneo la kituo kingine, basi aende huko? Mimi nimewahi kujibiwa hivyo, kwa ajili ya baiskeli iliyoibwa. Nilizunguka kati ya vituo viwili kutwa nzima, na jioni nikaamua kuisamehe. Lakini baiskeli ni chuma tu. Wiki hii nataka twende mbali, hadi jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada, tuone jinsi jibu la namna hiyo lilivyogharimu roho za watu katika nchi tajiri, ambako polisi hawana upungufu wa magari wala wa petroli.

Kwanza niwaeleze utaratibu wao. Kanada ina serikali ya shirikisho mjini Ottawa, serikali za majimbo, na chini yake serikali za miji. Shirikisho lina polisi wake, Royal Canadian Mounted Police au RCMP, wale wa koti jekundu na kofia pana tunaowaona kwenye picha. Majimbo ya Ontario na Quebec yana polisi wao wenyewe. British Columbia nayo ilikuwa na wa kwake, lakini mwaka 1950 ikavunja jeshi hilo, na tangu hapo inawakodi polisi wa shirikisho kwa mkataba. Jimbo hulipa asilimia 70 ya gharama, Ottawa hulipa 30. Miji nayo ina uhuru wa kuchagua: ama uanzishe polisi wako, ama uwakodi hao hao wa RCMP. Mji wenye watu zaidi ya 15,000 ukiwakodi, kwa kawaida hulipa asilimia 90.

Matokeo yake ni kama shuka la viraka. Vancouver ina polisi wa jiji. Ukivuka mtaa ukaingia Burnaby, uko mikononi mwa RCMP. New Westminster na Port Moody zina polisi wao. Coquitlam na Richmond zimekodi. Hata treni za mjini zina polisi wao peke yao. Na yote haya ni makazi yaliyoshikana, mtu analala mji huu, anafanya kazi mji ule.

Sasa basi. Katika miaka ya 1990 wanawake walikuwa wakipotea mmoja mmoja katika mtaa wa kimaskini wa Vancouver uitwao Downtown Eastside. Wengi walikuwa wenyeji asilia wa nchi ile, wengi walitumia dawa za kulevya, na wengi walikuwa wakiuza miili yao ili waishi. Jamaa zao walipokwenda kutoa taarifa, baadhi yao waliambiwa pengine mtu wao amesafiri tu, atarudi.

Wanawake walipotelea Vancouver, kwa hiyo majalada yalikuwa ya polisi wa jiji. Lakini mtu aliyekuwa akiwaua, Robert Pickton, alikuwa na shamba la nguruwe huko Port Coquitlam, kama kilomita 30 kutoka pale, na huko ni kwa RCMP. Mwezi Machi 1997 mwanamke mmoja alitoroka kutoka shamba hilo akiwa amechomwa visu. Pickton alishitakiwa kwa kujaribu kuua, na Januari 1998 mashitaka hayo yakasimamishwa. Mwaka huo huo polisi wa Vancouver walianza kupokea habari za kumhusu. Ofisa wao mmoja, Kim Rossmo, aliyebobea katika kuchora ramani za uhalifu, alionya kwamba huenda kuna mtu mmoja anayewaua wanawake hawa mfululizo. Wakubwa zake hawakumsikiliza.

Tazameni hapo, wasikilizaji. Wenye orodha ya waliopotea hawakuwa na mamlaka juu ya shamba. Wenye mamlaka juu ya shamba hawakuwa na orodha. Habari zilipelekwa huku na huku, upelelezi ukaanza ukazimika, na kikosi cha pamoja kilikuja kuundwa mwaka 2001. Na hata hivyo, kilichomkamatisha mtu huyo Februari 2002 ni kijana mmoja askari wa RCMP aliyekwenda shambani na hati ya kutafuta bunduki zisizo na kibali. Humo ndani ilionekana dawa ya pumu yenye jina la mwanamke aliyepotea. Baadaye wataalamu walikuta mabaki au alama za miili ya wanawake 33. Mwaka 2007 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya sita. Mashitaka mengine 20 hayakusikilizwa kamwe, na mwaka 2024 alikufa baada ya kushambuliwa gerezani.

Serikali ya jimbo iliunda tume chini ya Wally Oppal, aliyewahi kuwa jaji na kisha Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo. Ripoti yake ilitolewa Desemba 2012 ikiwa na mapendekezo 63, na mojawapo lilikuwa kuunda jeshi moja la polisi kwa eneo lote la Vancouver. Lakini Oppal hakuilaumu mipaka peke yake. Alisema pia kwamba wanawake wale walidharauliwa kwa umaskini wao na maisha yao. Mimi naona hapo ndipo penye kiini. Askari aliyekuwa na nia ya kufuatilia angeweza kupiga simu upande wa pili kila siku. Asiyekuwa na nia alipewa na mpaka sababu ya kulala usingizi, tena sababu halali iliyoandikwa kisheria.

Kwa hiyo siwaambii kwamba jeshi moja ni dawa. Jiji la Toronto lina polisi mmoja tu wa manispaa, na bado mtu mmoja aliwaua wanaume wanane kati ya 2010 na 2017, wengi wao wahamiaji, na uchunguzi huru wa mwaka 2021 ukayakosoa vikali makosa ya upelelezi. Isitoshe, polisi wa mji mdogo huwajua watu wake kwa majina, na diwani anaweza kuwauliza maswali.

Na British Columbia ikoje leo? Polisi wake wote sasa wanatumia daftari moja la kompyuta, na hilo si dogo. Lakini jeshi moja la eneo lote halikuundwa. Badala yake mji wa Surrey uliamua mwaka 2018 kuachana na RCMP na kuanzisha polisi wake. Meya aliyechaguliwa 2022 akataka kurudi nyuma, serikali ya jimbo ikaamuru waendelee mbele, na tarehe 29 Novemba 2024 polisi wapya wakashika zamu. Kiraka kimoja zaidi kwenye shuka. Mkataba wa RCMP na jimbo utakwisha mwaka 2032, na hapo ndipo wenyewe watakapokaa tena mezani.