Kumsaidia Mzazi Si Kumrithi Angali Hai

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei)



Tumekutana kuzungumzia jambo ambalo kwa kawaida halitajwi kati yetu mpaka siku ya msiba. Nalo ni hali ya wazazi wetu wazee ambao nyumba zao zinachakaa, madeni yao ya kodi yanalimbikizana na karatasi zao zimetawanyika, huku sisi watoto wao tukipita kuwasalimu Jumapili na kurudi makwetu. Tunawapelekea sukari na sabuni, na hilo ni jema. Lakini hatuulizi: Mama, hati ya nyumba iko wapi? Baba, kodi ya vyumba anaipokea nani? Twaogopa, kwa kuwa anayeuliza habari za mali huonekana anangojea kifo.

Matunda ya woga huo tumeyaona wenyewe. Mjane mmoja wa mjini, ambaye jina lake hatutalitaja, alituomba tumsaidie. Nyumba aliyojenga na marehemu mumewe ina vyumba sita, na vinne vina wapangaji. Kodi ilikusanywa na mtoto wa shemeji yake, aliyemletea mama kiasi alichopenda mwenyewe. Bati lilikuwa limetoboka, hata kila mvua iliponyesha mama alisogeza kitanda usiku. Tulipolifungua sanduku lake la bati, tulikuta hati ya miaka 33 iliyoandikwa 1979 kwa jina la mume. Muda wake ulikwisha 2012, wala hakuna aliyejua. Tulikuta pia bahasha za madai ya kodi ya ardhi ambazo hazijafunguliwa, na kitabu cha benki ambacho hakijaguswa tangu mume alipofariki. Mirathi haikufunguliwa kamwe.

Mtoto mkubwa alikuja kutoka mkoani akatoa shauri: nyumba iandikwe jina lake, naye atalipa madeni yote na kuezeka upya. Nia yake ilikuwa njema. Nasi wanakamati, yatupasa kukiri, tuliliunga mkono shauri hilo, maana lilionekana jepesi. Mama alikaa kimya kitambo, kisha akauliza: “Mkishamaliza kunisaidia, mimi nitakuwa nani humu ndani? Mpangaji wa mwanangu?”

Swali hilo lilitunyamazisha sote, na ndilo kiini cha mada yetu. Katika sura ya 7 ya Injili ya Marko, Bwana anawakemea watu waliotumia kisingizio cha sadaka ili wasiwatunze wazazi wao. Kisingizio cha siku hizi ni “kurahisisha mambo”. Mzee hunyang'anywa jina lake kwenye karatasi, mara nyingi na watu wanaompenda, kisha anabaki akiomba ruhusa katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Haki yataka tumsaidie mzazi kushika mambo yake, si tuyashike sisi badala yake. Basi tufanyeje?

Kwanza, tuanze kwa kuketi naye na kusikiliza. Mzee aliyeacha barua bila kuzifungua huenda haoni vizuri, au anaona aibu kwa deni, au aliyekuwa akishughulikia mambo hayo amefariki. Tusimkaripie. Tusome naye karatasi moja moja, na kila tunachokiona kiandikwe katika daftari linalobaki kwake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, kikao kiwe cha watoto wote, mabinti wakiwemo, na mzazi mwenyewe awepo. Shauri lililofanywa pembeni na mtoto mmoja, hata likiwa la haki, huzaa mashaka yatakayowagawa ndugu baada ya mazishi.

Tatu, tufahamu sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja auze au aweke rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mirathi nayo ina utaratibu wake: kikao cha ukoo hupendekeza, lakini msimamizi huteuliwa na mahakama. Na ieleweke vema kwamba msimamizi wa mirathi si mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia wenye haki, na kutoa hesabu mahakamani. Mjane aweza kuwa msimamizi.

Nne, tusiache madeni yaote mizizi. Mwenye hati apite ofisi ya ardhi aulize anadaiwa nini na hati yake inakwisha lini. Mwenye leseni ya makazi akumbuke kuwa nayo ina muda wake. Kodi ya majengo, tangu 2021, hukatwa watu wanaponunua umeme wa LUKU. Kwa hiyo tuhakikishe ni nani hasa anayeilipa, mzee au mpangaji, na tuulize kama mzee anastahili msamaha kwa nyumba anamokaa. Deni kubwa tuombe kulilipa kwa awamu.

Tano, tuwahimize wazee kuandika wosia wangali na akili timamu. Kwa wanaofuata sheria za kimila, kanuni zilizotangazwa 1963 zinataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili baki. Wosia wa maandishi waweza kuhifadhiwa RITA. Asiye na fedha za wakili awatafute wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Na mzee asitie dole gumba kwenye karatasi yoyote ambayo hakusomewa mbele ya mtu anayemwamini.

Turudi kwa mama yetu. Kikao cha ukoo kilikaa mara tatu. Cha kwanza kilivunjika kwa maneno makali. Katika cha tatu, mama alipendekezwa, na mahakama ikamteua kuwa msimamizi. Kijana wa shemeji aliombwa hesabu. Alileta nusu tu, na mama akachagua kusamehe iliyobaki. Uchaguzi huo ulikuwa wake, si wetu. Sasa wapangaji humkabidhi kodi mwenyewe, na binti yake wa mwisho huandika stakabadhi. Deni la ardhi linapunguzwa kidogo kidogo. Mtoto mkubwa aliezeka paa, na gharama yake ikaandikwa daftarini mbele ya ndugu zake, ili kesho asidai nyumba wala wao wasimdhulumu. Hati mpya bado inafuatiliwa. Kazi haijaisha, lakini mama halali tena akisikilizia mvua.

Ndugu wapendwa, tusingojee tanga ndipo tufungue masanduku ya wazazi wetu. Wiki hii kila mmoja wetu aende, aketi, aulize kwa heshima. Na akishasaidia, arudishe karatasi mikononi mwa mwenyewe.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Je, katika jumuiya yetu wako wazee ambao kodi ya nyumba au mazao ya shamba lao hupokewa na mtu mwingine? Nani anaiona hesabu?

2. Kwa nini tunaona haya kuzungumza na wazazi wetu habari za mali? Mila zetu zinatusaidia au zinatuzuia?

3. Jumuiya yetu yaweza kumsaidiaje mzee asiye na mtoto wa kumsomea karatasi zake?